Injini za bure na watu wa kibandani kwetu

Injini za kutengenezea gemu, yaani programu ambazo mtu hujengea gemu yake ndani yake, zilipofanywa bure, si wote tulioshangilia. Nakumbuka vizuri, kwa sababu wakati huo nilikuwa nashinda kwenye kibanda kimoja cha pleisteshoni Mbagala, Dar es Salaam, msichana pekee kati ya vijana wa kiume, na habari ile ilitufikia tukiwa pale. Wapo waliofurahi, wapo walionuna, na wapo waliosema hayo si mambo yetu, wakaendelea na mechi zao. Tangu hapo nimetengeneza gemu ndogo ndogo za simu na kuwafundisha wengine, na kila kifaa kikubwa kinapoachiwa bure naziona pande zile zile tatu zikijipanga upya. Nimeishi nazo kiasi cha kuweza kuzieleza, na sikubaliani nazo zote.

Ilikuwa Machi 2015. Tarehe 2, Epic Games, wenye injini ya Unreal, waliondoa ada ya dola 19 kwa mwezi waliyoianzisha mwaka mmoja nyuma. Sasa mtu angeweza kupakua injini nzima bila kutoa hata senti, na angeanza kudaiwa pale tu gemu yake inapoingiza hela: asilimia 5 ya kinachozidi dola 3,000 kwa kila robo mwaka. Kesho yake Unity, wenye injini nyingine ya jina hilo hilo, wakatoa toleo la 5, na wasiolipa wakapewa karibu kila kilichokuwemo kwenye toleo la kulipia, mradi mtu asiwe anaingiza zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Unity ya bure ilikuwepo tangu 2009, ila ilikuwa imepunguzwa. Profaila, yaani chombo kinachokuonyesha gemu inaelemea wapi, ilikuwa ya wenye kulipa. Kwa anayetengenezea kompyuta kubwa hilo linavumilika. Kwetu sisi, ambao wachezaji wetu wanashika simu za RAM kidogo zinazopata moto baada ya dakika chache, kukosa profaila kulimaanisha kufanya kazi kwa kubahatisha.

Waliobeza mapema kuliko wote pale kibandani ni wale waliokuwa nayo tayari. Mmoja wetu alikuwa na Unity iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, aliyoipata kwa flashi kutoka kwa fundi wa kompyuta, na alicheka kweli kweli. "Wanatupa bure kitu ambacho sisi tumekula bure siku zote!" Wengi walimwunga mkono. Kwa juujuu alikuwa sawa: hakuna aliyewahi kulipa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona programu ile ya kukraki inavyomfunga. Alilazimika kuzima kinga ya virusi ili ifunguke. Hakuthubutu kuisasisha. Na kubwa zaidi, alikuwa na gemu karibu imekamilika ambayo hakuweza kuitoa hadharani, kwa sababu kuitoa ni kujitangaza kwamba umeitengeneza kwa kitu cha wizi. Kazi yake ilikuwa inaishia kwenye simu za watu wa mtaa ule ule, ikihamishwa kwa Bluetooth.

Watu wa nje wanapozungumzia bei ya programu hufikiri ukuta ni hela tu. Dola 19 zingeweza kuchangwa. Kilichokuwa hakichangiki ni kadi. Wakati ule hakuna hata mmoja pale kibandani aliyekuwa na kadi ya benki inayokubalika kwenye tovuti za ng'ambo, na wala hatukuwa na jamaa wa karibu wa kumwomba. Siku hizi mitandao ya simu inatoa kadi za mtandaoni na mambo yamelegea. Wakati ule, fomu iliyouliza namba ya kadi ilikuwa ndiyo mwisho wa safari, hata kama bei iliyoandikwa juu yake ni ndogo. Kwa hiyo mimi habari ya Machi 2015 niliisoma kwa jicho hilo: sasa ningeweza kujisajili kwa jina langu mwenyewe, kwa barua pepe tu, nikawa na haki ile ile ya mtu wa Stockholm au Seoul. Nilifurahi hadi nikashindwa kukaa.

Furaha yenyewe ilikuja na bando. Unreal ni gigabaiti juu ya gigabaiti, na hata Unity ilitosha kumaliza kifurushi cha wiki. Tulichofanya ni kile ambacho vijana wa Kitanzania hufanya siku zote: aliyekuwa na ndugu kwenye ofisi yenye intaneti nzuri alipakua, faili ikaja kwa flashi, ikazunguka. Tofauti ni kwamba safari hii flashi ilibeba kitu halali. Kila mmoja alisakinisha, akafungua akaunti yake, akapewa leseni yake. Niliona vijana wawili wakisomana majina kwenye skrini kana kwamba wamepokea vitambulisho.

Upande ulionuna haukuwa wa watengenezaji. Ulikuwa wa wachezaji, na hapa ndipo pana jambo ambalo bado linaniuma.

Leseni ya bure ya Unity ilikuwa na sharti: gemu ikifunguka lazima ionyeshe nembo ya Unity. Anayelipa aliruhusiwa kuiondoa. Ukilifikiria utaona lilivyofanya kazi. Studio kubwa nyingi zilizotengeneza gemu nzuri kwa Unity ziliificha nembo. Wanafunzi, wanaojaribu, na walaghai waliochukua vifurushi vya picha vya kununua wakavibandika pamoja na kuviita gemu, wote walibaki nayo. Basi mchezaji wa kawaida, kila alipokutana na nembo ile, alikuwa anakutana na gemu changa au mbovu, na alipocheza gemu nzuri ya Unity mara nyingi hakujua ni ya Unity. Hollow Knight ni ya Unity. Cuphead ni ya Unity. Pokémon GO ni ya Unity. Lakini sifa iliyoenea duniani kote miongoni mwa wachezaji ilikuwa kwamba Unity ni ya takataka.

Sifa hiyo ilifika hadi Mbagala. Rafiki yangu alitengeneza gemu ya kukwepa bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Barabara aliichora mwenyewe, pikipiki alizichora mwenyewe, hata mama ntilie pembeni na sufuria zake alimchora. Akampa simu kijana mmoja ambaye kwa FIFA hakuwa na mpinzani pale. Gemu ikafunguka, nembo ikatokea, na yule kijana akairudisha simu kabla hata kuona bodaboda ya kwanza. "Aa, za Unity hizi." Mtu ambaye hajawahi kuona gemu yenye mtaa unaofanana na wake alikuwa nayo mkononi, akaikataa kwa sababu ya chuki aliyoazima kwa watu wasiojua hata Mbagala iko wapi.

Sisemi malalamiko ya wachezaji yalikuwa ya uongo. Duka la Steam, linalouza gemu za kompyuta mtandaoni, lilikuwa na mfumo wa Greenlight kuanzia 2012 hadi 2017, ambapo watu walipiga kura gemu ipi iingie sokoni, na uliingiza uchafu mwingi. Watu walinunua wakajuta. Mfumo ule ulipofungwa Juni 2017, Steam Direct ilichukua nafasi yake kwa ada ya dola 100 kwa kila gemu. Lawama ya kutokuchuja sokoni iliwastahili wenye soko. Wachezaji wengi waliibebesha zana, kisha wakaibebesha kwa wale walioweza kushika zana kwa sababu tu haina bei. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema injini ingebaki ghali "ili wabaki wanaojua". Anayesema hivyo hajiulizi wale wanaojua walijifunzia wapi.

Jambo la ajabu ni kwamba waliopokea vifaa vya bure vizuri kuliko wote ni watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wahusika: wapaka rangi wa mabasi.

Kama hujui, ipo gemu ya simu iitwayo Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa 2017 na Maleo, kampuni ya Indonesia. Unaendesha basi. Walioitengeneza waliacha mlango: mchezaji anaweza kuweka rangi na michoro yake kwenye basi, na hata kuingiza muundo wake wa gari. Vijana wa Tanzania na Kenya waliingia kwa mlango huo kwa wingi. Mabasi yanayokwenda mikoani, yenye maandishi na mistari ile ile tunayoiona stendi, yanazunguka kwenye milima ya Jawa. Vijana wanagawiana faili kwenye WhatsApp, wanalaumiana kioo cha mbele kikikosewa, wanabishana mstari wa pembeni wa basi fulani ulikuwa na upana gani kabla halijapakwa upya. Kazi hiyo wanaifanya kwa kidole, kwenye simu, wakikuza picha mpaka vitone vyake vionekane.

Hawa hawakuwahi kujiita watengenezaji wa gemu. Lakini kubadilisha gemu za wengine ndiyo shule ya zamani kuliko zote katika fani hii. Gemu ya Counter-Strike ilianza 1999 kama marekebisho ya gemu ya Half-Life yaliyofanywa na mashabiki. Desemba 1997 kampuni ya id Software waliachia msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) wa gemu yao ya Doom, na mpaka leo watu wanaupeleka kwenye vifaa ambavyo havikukusudiwa. Mpakaji rangi wa basi wa Temeke yumo kwenye ukoo huo. Nilipoanza kuwatafuta watu wa kuwafundisha, niliwaacha mabingwa wa FIFA nikaenda kwa hawa, na sijawahi kujutia.

Mmoja wao alikuwa kidato cha pili. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kona ya chini, na nilimwekea Godot, injini ambayo tangu 2022 ina toleo linalofanya kazi kwenye Android yenyewe. Sikutegemea afike mbali; kuandika msimbo kwa kidole ni kazi ya kuchosha. Baada ya muda alinijia.

"Shikamoo dada. Basi langu linazama."

Nikaangalia. Alikuwa ameunda daladala la maboksi matupu, akalipaka bluu na mstari mweupe, akaliweka juu ya barabara. Ukibonyeza kuanza, daladala lilikuwa linatitia taratibu kwenye lami, matairi kwanza, kisha milango, mpaka paa likapotea. Alikuwa ameshaamini kwamba simu yake ni dhaifu. Nikamweleza kwamba kwenye injini ya gemu kinachoonekana na kinachogusika ni vitu viwili. Barabara yake ilikuwa picha tu. Hakuna aliyeiambia injini kwamba ni ngumu. Inabidi uiongezee mwili usiotembea, na ndani ya mwili huo umbo la kugongana. Akatafuta kwenye orodha, akaongeza, akabonyeza. Basi likasimama. Lakini lilisimama hewani, kama kiganja kimoja juu ya lami.

Sikumwambia kitu. Alilitazama, akalizungusha kwa vidole viwili, akaenda chini yake. Akagundua mwenyewe kwamba boksi la kugongana la basi limeshuka chini kuliko matairi. Alilivuta juu kidogo, likazidi, akalirudisha, ulimi ukiwa umemtoka pembeni mwa mdomo, mpaka matairi yakagusa barabara. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha: akafungua kinasa sauti cha simu, akatoka nje, akarudi na sauti yake mwenyewe ikipiga kelele "Kariakoo, Kariakoo, Gerezani!" Akaibandika kwenye mlango wa basi. Wadogo zake waliposikia walikimbilia simu.

Faili ya kupakua Godot haifiki hata megabaiti mia chache. Hilo kwa wenzetu wa nchi nyingine ni jambo dogo. Kwetu ndilo lililoamua nani anaingia na nani anabaki nje.

Nilichokuja kukielewa polepole ni kwamba leseni inahusu zaidi ya bei. Nililielewa hasa Septemba 2023. Tarehe 12 Unity walitangaza ada mpya: kuanzia Januari 2024, gemu iliyoingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12 na kusakinishwa mara 200,000 ingetozwa hadi senti 20 za dola kwa kila usakinishaji unaofuata, kwa walioko kwenye toleo la bure. Na hesabu hiyo ingehusu hata gemu zilizokwisha kutoka miaka mingi nyuma. Mwanzoni ilionekana hata mtu akifuta gemu na kuisakinisha tena angehesabiwa upya, kisha wakalirekebisha hilo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe ulimiminika. Kijana mmoja aliandika, "Dada, dola laki mbili sisi tutazitoa wapi? Tupumzike." Wengi wakakubali. Kwa hesabu alikuwa sawa. Lakini nilimjibu, na bado nashikilia nilichomjibu. Gemu za bure za simu, zinazoishi kwa matangazo, zinapakuliwa sana na kuingiza kidogo kwa kila mchezaji, na mchezaji wa Tanzania anaingiza kidogo kuliko wa Ulaya kwa sababu watangazaji wanamlipia kidogo. Ada inayohesabu usakinishaji, badala ya mapato, inamwelemea zaidi yule anayefanikiwa kwa watu maskini. Na lililo kubwa kuliko hilo ni kwamba masharti yalibadilishwa juu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Aliyepanga chumba anajua kodi inaweza kupanda mkataba ukiisha. Mwenye nyumba akija katikati kubadilisha mkataba mliokwisha kuutia saini wote wawili, hata kama nyongeza inamhusu jirani tu, ndiyo siku ya kuanza kufungasha.

Hasira ilikuwa ya dunia nzima. Mwaka 2019, baada ya mzozo na kampuni ya Improbable, Unity walikuwa wameahidi kwamba mtu anaweza kubaki na masharti ya toleo analotumia, kwa hiyo watu walijiona wamevunjiwa ahadi. Mega Crit, wenye Slay the Spire, walisema hadharani kwamba wangehama. Gemu yao ya pili wakaijenga kwa Godot. Re-Logic, wenye Terraria, walitoa dola 100,000 kwa Godot na nyingine kama hizo kwa FNA, zana nyingine ya gemu yenye msimbo wazi, pamoja na dola 1,000 kila mwezi kwa kila mmoja. Tarehe 22 mwezi huo huo Unity wakarudi nyuma: toleo la bure likaondolewa kwenye ada, gemu za zamani zikaachwa. Na kwenye orodha ya kupatanisha wakaweka kwamba watumiaji wa bure hawatalazimishwa tena kuonyesha nembo. Nilisoma mstari ule nikamkumbuka rafiki yangu na bodaboda zake. Oktoba mkurugenzi mkuu John Riccitiello akaondoka. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili, mrithi wake Matt Bromberg akaifuta ada ile kabisa kwa watengenezaji wa gemu.

Walioshinda ni watumiaji wenyewe, na nafurahi. Lakini angalia walichoshinda: kampuni imeamua kutokufanya ilichokuwa na uwezo wa kufanya. Uwezo wenyewe bado wanao.

Godot ni jambo jingine. Juan Linietsky na Ariel Manzur, Waajentina, waliitengeneza miaka mingi kwa kazi zao wenyewe, kisha mwaka 2014 wakauweka msimbo wote wazi kwa leseni ya MIT. Leseni hiyo ni fupi. Ukiichapa haijazi hata ukurasa. Inakuruhusu kutumia, kubadilisha, kuuza, na inakutaka ubaki na tamko la hakimiliki na leseni yenyewe. Hata waanzilishi wakibadilisha mawazo kesho, toleo ulilo nalo leo hawawezi kulichukua. Na sitaki kulipita hili haraka: Godot ilikuwa wazi mwaka mzima kabla ya ile Machi 2015 tuliyoiona kama ukombozi. Hatukuisikia. Haikuwa na fedha ya matangazo, na sisi tulisubiri kuambiwa na wenye fedha ya matangazo.

Baada ya Septemba ile ya 2023 lilitokea kundi jipya la waumini wa Godot, na nalo lina makosa yake. Walitaka kila mtu ahame usiku mmoja. Kwenye kundi letu yupo ambaye maisha yake ya kazi yote yako Unity. Anajua kuifinya gemu ikaingia kwenye simu ya bei ya chini, na anawalisha watoto wake kwa ujuzi huo. Waliitwa wasaliti, yeye na wenzake. Nililizuia hilo kwa nguvu zangu zote. Kuhama kuna gharama, na Godot ina mapengo yake: gemu zikitakiwa kwenye PlayStation au Nintendo, mradi wenyewe hauwezi kukupa njia ya moja kwa moja, kwa sababu wenye mashine hizo wanaficha vifaa vyao kwa mikataba ya siri isiyochanganyika na msimbo ulio wazi, inabidi upitie kampuni nyingine. Vijana wawili walihama kwa hasira, wakakwama kwenye matangazo ya simu, wakarudi Unity kimya kimya. Hakuna ubaya. Ninachowaambia wanaoanza leo, wasio na cha kuhamisha, ni waanzie kwenye kile kisichoweza kunyang'anywa.

Nawasimulia pia habari ya Blender, maana wote tunaitumia kuunda mabasi na watu. Kampuni iliyokuwa nayo ilifungwa 2002 wawekezaji walipojitoa. Ton Roosendaal, mwanzilishi wake, akaafikiana nao kwamba wangeachia msimbo kwa euro 100,000, na watumiaji wakazichanga kwa wiki saba. Oktoba mwaka huo ukawa wazi. Machi 2025 filamu ya katuni ya kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilichukua Oscar. Hicho tunachokipakua bila kulipa kililipiwa na watu, wengi wao wanafunzi na mafundi wa kawaida. Nikiwaambia hivyo vijana huuliza sisi tutachangia nini. Euro hatuna. Tunachoweza ni kurekodi masomo kwa Kiswahili, na tumeanza: video fupi fupi, nyepesi kwa bando, moja inaeleza jambo moja. Ya basi linalozama ndiyo inayotazamwa zaidi, maana kila anayeanza basi lake linazama.

Vilevile siwafichi yale ambayo bado si bure. Akaunti ya kuweka gemu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Kwa shilingi ni zaidi ya 60,000, na kwa mwanafunzi hiyo ni hela nzito. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, hiyo tumeiweka pembeni. Kompyuta, umeme, muda wa mama mwenye nyumba ambaye anataka vyombo vioshwe: hakuna leseni inayofuta hayo. Itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, haidai chochote kupandisha gemu, na mtengenezaji anajipangia mwenyewe mgawo atakaowaachia, hata sifuri. Ndiko tunakoanzia.

Daladala la bluu limewekwa huko. Kabla ya kulipandisha, yule kijana aliniuliza kama ataruhusiwa kuliuza akikua, au kuna mtu atakuja kumdai. Tulifungua ile leseni ya MIT tukaisoma naye, mstari kwa mstari, nikimfafanulia palipokuwa pagumu, kisha akaiweka kwenye ukurasa wa shukrani wa gemu yake kama inavyotakiwa, chini ya jina la mdogo wake aliyetoa mlio wa honi. Sasa anataka abiria washuke Mtoni na wengine wapande, na tumekubaliana Jumamosi alete michoro ya kituo.